Nilipomfuata Safia Kwenye Mirungi

Tangu nirudi, kila mnaponikuta kibarazani na cherehani yangu mnauliza swali lile lile: Mwanaidi, huko Same kulitokea nini hata umerudi peke yako, tena umekonda hivyo? Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, huyu kipande hiki, yule kile, na sasa nasikia habari zangu zinazunguka mtaani zikiwa na mambo ambayo hata mimi mwenyewe siyajui. Basi nieleze yote kama yalivyonipata.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Dereva mmoja wa lori, anayepeleka chumvi Moshi, alikuja kuniambia kamwona mdogo wangu Safia. "Nimemsalimia, akanitazama kama hanijui," alisema. "Amekwisha, dada. Mfupa na ngozi." Safia ndiye ndugu pekee niliyebaki naye tangu mama atutoke. Alikuwa ameolewa na Msomali, jina lake Warsame, mtu aliyekimbia vita vya kwao, akapita Kenya, akavuka mpaka upande wa Ziwa Jipe, akaweka makazi Same. Ndoa ile sikuipenda, na nyinyi mnajua. Lakini damu ni damu. Nikafunga cherehani, nikafunga safari.

Tanga hadi Hedaru

Treni iliondoka vizuri. Muheza, Korogwe, Mombo, nikawa najiambia jioni nitakuwa nimeshamkumbatia mdogo wangu. Tulipofika Hedaru injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Tukaambiwa fundi anatoka Moshi. Tulimngoja fundi huyo mpaka watu wakaanza kufua nguo na kuzianika kwenye waya wa stesheni.

Jirani yangu kwenye behewa alikuwa mzee wa Kigoma, Mzee Bukuru, aliyeletwa Tanga akiwa kijana kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Shamba alilofanyia kazi limefungwa, sasa anakwenda Makanya kutafuta jingine. Vidole vyake vilikuwa vimejaa makovu ya miiba. Alinikatia muhogo wake wa kuchoma bila kuniuliza kama nina njaa.

"Zamani duka tupu na pesa tunazo," alisema. "Sasa wamefungua biashara, duka limejaa, mfukoni hamna. Bora lipi?"

Wakati huo wanawake wa Kimasai walikuja na maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Nikanunua, nikanywa, yalikuwa na ladha ya moshi, matamu kweli. Nikarudi behewani na kibuyu changu. Kumbe nilichonunua ni maziwa peke yake! Yule mama alinifuata dirishani akipiga kelele kwa Kimasai, na mimi namjibu, "Asante mama, yamenifaa sana," mpaka Mzee Bukuru akaninyang'anya kibuyu na kukirudisha.

Watu walikuwa bado wanacheka, mzee akaniuliza Same nakwenda kwa nani.

"Kwa shemeji yangu, Msomali."

Akashusha sauti. "Aa. Unafuata mboga?"

"Mboga nitakula zikiwepo," nikamwambia. "Nasikia za mlimani ni nzuri sana."

Behewa zima likaangua kicheko. Mama mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikadhani bado wananicheka kwa kibuyu. Mzee Bukuru peke yake hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama, wewe ni mgeni kweli kweli," kisha akageuka dirishani.

Same

Same ina upepo. Unashuka stesheni, vumbi linakupokea kabla ya mtu yeyote, na milima imekaa pale juu ya mji kama ukuta. Nikaulizia nyumba ya Warsame, nikaelekezwa nyuma ya maegesho ya malori.

Nilipofika mlangoni nilisimama. Nje ya mlango pamepangwa viatu vya kiume, makubazi na raba, safu kwa safu. Ndani kimya. Mlango haukufungwa, umeegeshwa tu. Kwetu viatu vikipangwa hivyo mchana, na nyumba ikawa kimya hivyo, mnajua maana yake. Nikaanguka pale pale kizingitini nikilia, "Innalillahi, Safia, mdogo wangu, nimechelewa!"

Mlango ukafunguliwa. Mwanamume mrefu, mwembamba, macho mekundu, alinishika bega. Alikuwa Warsame mwenyewe, na uso wake umejaa hofu kuliko wangu.

"Shemeji! Nani amekufa? Tanga nani amekufa?"

"Si Safia?"

"Safia mzima! Safia yuko kazi!"

Nikanyanyua macho. Ndani wanaume wamekaa kwenye mikeka, wameegemea ukuta, shavu moja moja limevimba kama wana jipu. Katikati yao chupa za chai, magazeti, na vijiti vyekundu vyekundu vya majani vimetapakaa kila mahali. Wote wameacha kutafuna, wananikodolea macho. Mfiwa nilikuwa mimi peke yangu.

"Kazi gani?" nikauliza.

Warsame akatazama chini. Akaokota kijiti kimoja mkekani, akakishika baina ya vidole viwili.

"Analeta hii. Kutoka mlimani."

Ndipo nilipoielewa mboga ya Mzee Bukuru. Mirungi. Mdogo wangu, aliyekuwa akifundisha watoto wa mtaa wetu Kurani, ambaye mkinunua naye kanga anasoma kwanza maneno kama ni ya heshima, ndiye anawaletea wanaume hawa mirungi. Nilikaa chini.

Walinipisha chumba cha ndani. Warsame aliniletea mwenyewe wali na nyama ya mbuzi, na juu ya wali ameweka ndizi mbivu. Nikadhani ananidhihaki. Nikaitoa ndizi, nikaiweka pembeni. Akaduwaa, akaniuliza kama ndizi ni mbovu. Kumbe kwao wali huliwa hivyo.

Kupitia pazia niliwasikia. Walikuwa Wasomali wengi wao, na Mwarabu wa Yemen mwenye duka la vipuri. Mazungumzo yalianza polepole, yakapanda, yakawa moto, wakizungumza Kisomali kwa pamoja, wakichekeana na kupigana viganja. Mzee wao mmoja, Haji Nur, aliponiona nachungulia aliniita.

"Mama, usitukasirikie," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Hapa mjini mimi ni Msomali tu. Nikikaa hapa mchana na haya majani, niko kwetu, nina mtaa wangu, nina msikiti wangu, najua jirani yangu ni nani. Yakiisha, yote yanaondoka."

Na kweli, jua liliposhuka walinyamaza mmoja mmoja, wakavaa viatu vyao wakaenda, kila mtu na uso wa mtu aliyefukuzwa kazi. Warsame hakulala. Nilimsikia akizunguka uani mpaka alfajiri. Nikamchukia zaidi.

Kupanda

Asubuhi nilipanda Land Rover ya kwenda Vudee, huko mlimani, kumfuata Safia. Warsame alinisindikiza hadi kwenye gari lakini hakupanda. Nilipomuuliza kwa nini anamtuma mke kwenye kazi ya hatari, alijibu maneno machache: "Njiani kuna kizuizi. Mimi nikifungua mdomo tu, wanajua si wa hapa." Hana karatasi yoyote ya kuishi nchini. Safia akisalimia, ni Mswahili wa Tanga, hakuna anayemgeukia.

Barabara ilikuwa imelika na mvua. Kila kona nilifumba macho. Mwisho gari likakataa, tukashuka, tukapanda kwa miguu kwenye vijia vinavyofuata mifereji ya maji, baina ya migomba. Baridi ilinishika na kanga zangu za pwani. Kijiji chenyewe kiko juu ya Vudee, na jina lake naliacha, maana watu wake walinitendea wema.

Nilielekezwa kwa Mama Nakijwa, ambako Safia hufuata mzigo, mama mtu mzima, mzee wa kanisa. Nilimkuta uani akikoroga makande. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanikalisha na kunimiminia chai ya tangawizi iliyonichoma koo. Nyuma ya nyumba yake nikaona visiki vya mibuni vilivyokatwa karibu na ardhi, na kila panapokuwa na kisiki, pembeni yake pamesimama mti mwembamba wenye majani yanayong'aa.

"Kahawa tuliibembeleza maisha yetu yote," alisema alipoona natazama. "Ikaporomoka mpaka gharama ya dawa ikaishinda. Ada ya shule ikarudi mikononi mwetu, hospitali tukaambiwa tuchangie. Huu mti hauombi dawa wala mbolea."

"Na nyie mnatafuna?"

Alishtuka kana kwamba nimemtukana. "Sisi? Mbuzi wangu akisogelea namfukuza! Hayo ni ya wageni huko chini."

"Mnajua yanawafanya nini?"

Alikoroga makande. "Najua yalivyosomesha wanangu," akasema polepole. "Lingine sijaliuliza, mwanangu. Nisikudanganye."

Safia alikuwa bandani. Sikumtambua. Nawaapia, nilimpita kwa macho nikadhani ni mwanamke mwingine, nikauliza, "Safia yuko wapi?" na yule mwanamke akasema, "Dada." Mashavu yamezama, midomo imekauka imepasuka, mikono inakwenda haraka haraka ikipanga vijiti, ikivifunga mafungu kwa kamba za mgomba na kuvivisha majani ya mgomba visinyauke. Na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Na wewe pia?" nilimuuliza.

"Mlima huu haupandiki na njaa, dada. Ukitafuna husikii njaa. Husikii kitu."

Nililia, nikamkaripia, nikamtaja marehemu mama. Yeye hakulia. Alisema alianza mara moja tu, mleta mzigo wa zamani alipougua, wanaume wakakaa mkekani mikono mitupu na Warsame akashinda ameinamisha kichwa hasemi na mtu. Akapanda kumletea. Wengine wakaomba nao. Basi.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Leo leo."

Alimaliza kufunga fungu alilokuwa nalo mkononi. Kisha akasema, "Haya. Nitashuka na wewe, nichukue nguo zangu, twende Tanga."

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilikula makande ya Mama Nakijwa mabakuli mawili, nikamsifia mpaka akacheka. Safia alichukua kikapu changu akasema, "Ngoja nikupangie vizuri, dada, njia ya kushuka inatupa vitu." Nikamwachia. Nani asingemwachia mdogo wake?

Kushuka

Tulipata pikapu iliyobeba kabichi. Mimi nilikaa mbele na dereva kwa sababu ya umri wangu, kikapu mapajani. Safia alikaa nyuma juu ya kabichi pamoja na akina mama wengine. Njia nzima nilikuwa nampangia maisha: atalala chumba cha uani, nitamfundisha kudarizi, atanenepa.

Chini kabisa, karibu na mji, pakawa na gogo katikati ya barabara na askari wawili. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Niliwapa habari za mchana.

"Kikapu cha nani hiki, mama?"

"Changu."

Askari akanyanyua kanga yangu ya juu. Akanyanyua ya pili. Chini yake nikaona majani ya mgomba yamefungwa mafungu mazuri mazuri, yamepangana mpaka chini. Harufu ile ya kijani kibichi ikanipiga usoni.

Sijawahi kushtuka vile. Nilifungua mdomo kusema si yangu, lakini nilikuwa nimeshasema ni changu. Nikageuka nyuma.

"Safia!" nikamwita. "Mdogo wangu, waambie!"

Askari akamwendea. "Unamjua huyu mama?"

Safia alikuwa amejifunika kanga hadi puani. Alinitazama machoni, sawasawa, kama ninavyowatazama nyinyi.

"Simjui," alisema. "Tumekutana garini."

Mama mmoja aliyekaa naye alifungua mdomo, akaufunga. Dereva alitazama usukani. Nilishushwa, pikapu ikaruhusiwa, ikaondoka na mdogo wangu juu ya kabichi, na hakugeuka nyuma.

Kituoni

Kuhusu kituoni sina mengi. Hawakunipiga wala kunitukana. Askari wa kike aliniletea chai na akaniuliza kama nina ndugu Same. Nikasema sina. Naapa nilisema hivyo, na nilipokuwa nikisema niliamini. Sikuwa nikilia tena. Nilikaa kwenye benchi nikitazama ukuta, na kila nikifumba macho naisikia ile "simjui", tena ilivyosemwa bila kutetemeka.

Asubuhi nilichukuliwa kuandikisha maelezo mbele ya mkuu wa kituo. Ndipo Warsame akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe, amefunga vifungo mpaka shingoni, nywele amezilowesha na kuzichana. Mtu yule ambaye hakanyagi hata barabara kuu kwa kuogopa askari alisimama mbele ya meza ya polisi.

"Mzigo ya mimi," alisema. "Huyu mama hajui kitu. Mimi natuma mtu anaweka kwa kikapu yake."

Mkuu wa kituo alimtazama juu mpaka chini. "Umemtuma nani?"

"Hiyo sisemi. Mzigo ya mimi."

"Una kibali cha kuishi nchini?"

"Hapana."

"Unaelewa unachofanya? Utafungwa, na ukitoka utarudishwa kwenu. Unajua kwenu kukoje sasa hivi?"

"Mimi najua kuliko wewe, afande," akajibu, bila jeuri yoyote.

Nilisimama. Nilitaka kusema, nadhani, kwamba anadanganya, kwamba mzigo ni wa mke wake. Warsame aliona mdomo wangu, akanizuia kwa kiganja.

"Shemeji, kaa. Wewe mgeni wa mimi. Mgeni wa mimi halali jela."

Askari wawili walimshika mikono ingawa hakuwa anakimbia. Nilimtazama mtu niliyemwita mlevi moyoni tangu siku ya kwanza, niliyemchukia kwa hatua zake za uani, na nikashindwa hata kusema asante. Neno halikuja. Walishampeleka ndani ndipo lilipokuja.

Mahakamani alisema yale yale. Akapata kifungo, na hakimu akaagiza kwamba akimaliza aondolewe nchini. Haji Nur na wenzake walisimama nje ya ukuta wa mahakama wakiwa wamekusanyika kama watu wa msiba, na hakuna aliyetafuna chochote siku ile. Mimi nilirudishiwa kikapu, na kanga zangu zimekunjwa vizuri ndani.

Kurudi

Sikurudi nyumbani kwa Warsame. Yule askari wa kike alinihifadhi kwa mama yake mpaka siku ya treni.

Safia alinikuta stesheni. Alikuja akitembea kando ya reli, amebeba bakuli lililofungwa kwa kitambaa, chakula cha kumpelekea mume wake gerezani. Alisema hawezi kuja Tanga. Hawezi kumwacha Warsame mle gerezani, kisha siku moja afunguliwe lango asione mtu wa kwake, apakiwe garini kwenda mpakani kama mzigo. Akiondolewa, ataondoka naye.

"Kwenye vita?" nikauliza.

"Popote atakapokwenda."

Tulikaa kwenye benchi moja, nafasi ya mtu wa tatu katikati yetu. Shavu lake lilikuwa bapa. Akasema ni siku ya nne anajaribu kuacha, kichwa kinamuuma hadi anaona mwanga. Nilitaka kumshika. Sikumshika.

"Warsame wewe ulimtuma aje kituoni?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilifika nyumbani nikamwambia nilichofanya. Aliomba maji ya kuoga."

Treni ikaonekana kwa mbali, upande wa Moshi, na watu wakaanza kunyanyua mizigo yao. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Safia, kwa nini ulinikana?"

Hakujifunika uso safari hii. "Sikufikiri, dada. Ilinijia kichwani kwamba wewe una watu. Ukikamatwa, Tanga nzima itakuja kukutafuta. Mimi nikikamatwa, nani atakuja kunitafuta?"

Injini ilikuwa imeshafika, inapiga kelele, na nililazimika kumwambia kwa sauti kubwa hata watu wakatugeukia.

"Mimi, Safia. Mimi nilikuwa nimekuja!"

Alifunika mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu nimwone bandani. Nilimshika kichwa nikakiweka begani kwangu, bakuli la chakula likiwa baina yetu, mpaka mlinzi wa treni akapuliza filimbi na kuniambia, mama, panda au ubaki.

Nilipanda.